Mbayuwayu wamefika, lakini mvua je?

Leo nina kosa la kuungama.

Nilipokuwa mtoto hapa bonde la Ruzizi, mama yangu alikuwa na kalenda moja tu: mbayuwayu. Wakianza kuonekana mwezi wa Septemba, wakiruka chini chini juu ya mashamba ya mpunga, alikuwa anasema, "Toeni majembe, mvua iko njiani." Na kweli ilikuwa inakuja.

Miaka michache iliyopita niliwaona, nikashika mikrofoni, nikatangaza: ndege wamefika, tupande. Mama mmoja jirani alinisikia. Akapanda maharage yote aliyokuwa nayo, hata yale ya kula. Mvua ikanyesha mara moja, kisha likafuata jua la wiki tatu. Maharage yakaota, yakakauka. Tukakutana sokoni, akaniambia, "Mwanangu, ndege wako hawanipi mbegu."

Neno hilo lilinichoma, nikaanza kuuliza na kusoma. Mbayuwayu hawa wanazaa huko Ulaya na Asia. Wanaondoka kule mchana unapoanza kuwa mfupi na wadudu wanapopungua, kisha wanavuka jangwa la Sahara. Hawajui kama Kamanyola kumenyesha. Zamani safari yao na mvua yetu zilikuwa zinakutana tu. Sasa dunia inapata joto, na mvua haishiki tena tarehe zake. Mara inachelewa, mara inashuka kwa nguvu na kubomoa, kama ndugu zetu wa Uvira walivyoona Aprili 2020.

Kuna ndege wanaoweza kubadili safari. Huko Sweden na Finland, bata wengine waliokuwa wanakimbia barafu sasa wanabaki karibu na kwao, kwa sababu maji hayagandi kama zamani. Mbayuwayu hawezi. Chakula chake ni wadudu wanaoruka, na wakati wa baridi kule hakuna. Lazima aje, akute bonde lina maji au limekauka.

Nyinyi mliovuka Ruzizi mwezi wa Februari 2025 mnaelewa hili kuliko mimi: kufika ni jambo moja, kukuta chakula ni jambo lingine.

Kwa hiyo nasahihisha tangazo langu. Unayelima, hata kama ni kipande kidogo tu ulichopewa mahali ulipopokelewa, usipande kwa sababu umeona ndege. Chimba kidogo kwanza. Kama udongo umelowa juu tu, subiri mvua nyingine. Na usimalize mbegu zote siku moja. Nusu iache nyumbani.

Yule mama nilimpelekea kilo mbili za maharage msimu uliofuata. Alipokea, akacheka, akauliza, "Na leo ndege wanasemaje?"

Siku hizi nikiwaona mbayuwayu bado nafurahi. Halafu nainama, nashika udongo.