Kinu Kinapozimika

Jeshi la Majini la Marekani lilinifundisha kuendesha kinu cha nyuklia kabla sijajua kupika wali usioungua. Nilizaliwa Kilifi, nikakulia Texas, na nilipomaliza sekondari, uraia nikiwa nimeupata kupitia kwa wazazi, nikatia saini mkataba wa miaka sita. Mama alilia. Mionzi haikumtisha, kilichomuuma ni mwanawe kwenda kuishi chini ya maji kwa hiari yake.

Shule iko Goose Creek, South Carolina. Ni miezi sita ya fizikia, hesabu na kemia ya maji, na daftari haliruhusiwi kutoka nje ya jengo kwa kuwa yaliyomo ni siri ya serikali. Ukitaka kudurusu usiku, unarudi darasani. Kutoka hapo nikapelekwa Ballston Spa, New York, kujifunza kwenye kinu halisi kilicho nchi kavu, kisha nikapangiwa nyambizi ya aina ya Los Angeles: mita 110 za chuma, watu zaidi ya mia moja, jua hakuna.

Humo ndani fikra zako zinafinyangwa na jambo moja. Kinu kikizimika, nyambizi imevunjika miguu. Betri zipo, dizeli ipo, lakini chombo cha vita kisichoweza kukimbia ni shabaha tu. Kwa hiyo tulizoezwa kukirudisha kinu kazini upesi, kwa sauti tulivu, kila amri ikirudiwa neno kwa neno na anayeipokea kabla hajagusa swichi. Mpaka leo mke wangu akiniambia nizime jiko, najibu, "Kuzima jiko, naam." Amekwisha kunizoea.

Mkataba ulipokwisha nikaajiriwa na kituo cha umeme kusini mwa Marekani. Sikuwa kioja pale, kwa maana tasnia hii ina damu ya kibaharia tangu kuzaliwa. Shippingport, Pennsylvania, kituo kikubwa cha kwanza cha nyuklia cha kiraia nchini humo, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1957, kilijengwa chini ya usimamizi wa Hyman Rickover, afisa yuleyule aliyeileta duniani Nautilus, nyambizi ya kwanza ya nyuklia.

Nilianza kwa kuzunguka mitambo, kusoma geji na kufungua vali. Baada ya hapo ndipo nikaingia darasa la leseni. Mwalimu wetu, mzee aliyekuwa baharia kama mimi, siku ya kwanza aliandika ubaoni tarehe peke yake: 28 Machi 1979. Ni siku ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Three Mile Island. Vali ilikwama wazi, maji ya kupoza kinu yakawa yanapotea, na taa kwenye paneli ikawafanya waendeshaji waamini kuwa imefungwa. Pampu za dharura zilijiwasha zenyewe kuongeza maji. Wao wakazipunguza nguvu. Walikuwa wametoka Jeshi la Majini, ambako hufundishwa kwamba tangi la kudhibiti shinikizo kamwe lisiachwe lijae maji pomoni. Geji ikaonyesha tangi linajaa, wakatii walichofunzwa. Karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka.

Mafunzo yale ya nyambizini hayakufaa huku kwa sababu ya ukubwa wa kinu. Kinu cha kituo cha megawati 1,000 za umeme hutoa takriban megawati 3,000 za joto. Ukikizima, papo hapo bado kinatoa kama asilimia 6 ya joto hilo, karibu megawati 200, wala hakuna swichi ya kulikatiza. Ni maji tu yatakayoliondoa. Ndiyo maana huku raia wanafikiri kinyume na sisi wa nyambizini: kuzima ndiyo hifadhi. Kinu kikijizima, hakuna anayekimbilia kukiwasha. Kwanza unahakikisha kinapozwa, kisha unatafuta sababu, kisha unaandika ripoti, na mkaguzi wa serikali mwenye ofisi humohumo kituoni ataisoma. Fedha zinapotea kila saa, wakubwa wamenuna, na kinu kinasubiri. Kichwa changu kililikubali hilo mapema. Mikono ilichelewa sana.

Mtihani wa maandishi wa leseni una maswali 75, na chini ya asilimia 80 umeanguka. Baada yake unatahiniwa kwenye chumba cha mfano kinachofanana na chumba chenu cha udhibiti. Leseni yenyewe ni ya kituo kile tu. Vyumba hivyo vya mfano vilienea baada ya ajali ile, na tasnia ikaunda taasisi ya kujichunguza yenyewe, INPO. Rais wake wa kwanza alikuwa Eugene Wilkinson, nahodha wa kwanza wa Nautilus. Sioni ajabu. Nidhamu ya baharini ilikuwa bado inahitajika, ila ielekezwe kwenye kinu kikubwa cha nchi kavu.

Mwaka 2024, wakazi wa Uyombo, kwetu Kilifi, walipokuwa wakipinga mpango wa kujengewa kituo cha nyuklia, mpwa wangu alinipigia simu. "Mjomba, Kenya haina hata nyambizi. Nani atakiendesha?" Kuhusu ardhi na bahari yao, nilimwambia, wakazi wana haki ya kuuliza mpaka waridhike. Lakini hofu ya nyambizi aiondoe. Koeberg, karibu na Cape Town, inazalisha umeme wa nyuklia tangu 1984, na Afrika Kusini haijawahi kumiliki nyambizi ya nyuklia hata moja.