Herufi Moja, Ndimi Nyingi: Tafakuri Juu ya Neno la Mashariki

Mwanafunzi wa Kiswahili chuoni hakosi kukumbana na swali hili, aghalabu kwa kebehi: "Hicho Kiswahili chenu si Kiarabu tu?" Nimeulizwa bwenini, nimeulizwa ndani ya matatu, nimeulizwa hata na jamaa zangu. Jibu la darasani ninalo: ngeli za nomino na mnyambuliko wa vitenzi ni vya Kibantu. Hata hivyo, jibu lililonituliza moyo nililipata mbali, katika herufi moja ya Kichina niliyofundishwa katika masomo ya jioni ya lugha hiyo.

Herufi yenyewe ni 東, yenye maana ya mashariki. Wanagenzi huelezwa kuwa ni picha ya jua (日) likichomoza nyuma ya mti (木). Maelezo hayo ni makongwe. Yamo katika Shuowen Jiezi, kamusi aliyoikamilisha Xu Shen mnamo mwaka 100 B.K. Yanapendeza, tena hayasahauliki. Lakini yapo maandishi ya kale zaidi, yaliyochongwa katika mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe zama za utawala wa Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Humo, umbo la herufi hii lashabihi mfuko uliofungwa ncha zote mbili. Wataalamu wengi wanashikilia kwamba picha ya mfuko iliazimwa kuandikia neno la mashariki kwa sababu ya mfanano wa sauti. Kumbe hata nyumbani kwake, herufi hii ilianza kwa kuazima!

Kisha ikasafiri. Wachina wa Beijing huisoma dong, Wakorea dong, Wavietnam đông, nao Wajapani to. Tuzingatie herufi mbili, 東京, yaani mji mkuu wa mashariki. Nchini China, Kaifeng uliitwa Dongjing enzi za Song. Nchini Vietnam, Hanoi uliwahi kuitwa Đông Kinh, na Wazungu wakapata humo jina Tonkin. Nchini Japani, mji wa Edo ulipewa jina Tokyo mwaka 1868.

Kijapani hakina unasaba na Kichina, na hapa ndipo penye funzo. Mjapani akiikuta herufi hii ndani ya jina Tokyo, huisoma to, sauti iliyotoka China. Ikisimama peke yake, huisoma higashi, neno la mababu zake. Mgeni na mwenyeji wamo katika herufi moja, na hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Nasi je? Mashariki tumelipata kwa Waarabu, kutokana na mzizi wenye maana ya kuchomoza kwa jua. Lakini tunalo pia macheo, litokanalo na kitenzi kucha, na tunalo maawio. Tofauti ni kwamba sisi tumemketisha mgeni kitini, na wenyeji tumewaachia washairi.

Yapo mengine tunayofanana. Wakorea walitangaziwa alfabeti yao ya Hangul mwaka 1446, na leo ndiyo wanayoitumia zaidi. Wavietnam sasa huandika kwa hati ya Kilatini. Hati ilibadilika, neno likabaki. Kiswahili nacho kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya kuhamia Kilatini, na mashariki halikung'oka. Neno likishaingia katika sarufi ya lugha, huwa mali ya lugha hiyo.

Kwa hivyo, wenzangu, tukiulizwa tena swali lile tusione haya, wala tusikane mikopo yetu. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wajibu wetu ni kuona kwamba mwenyeji anapona kweli. Tuandike mashariki bila hofu, na katika insha, tamthilia na mihadhara yetu, tuandike macheo pia, lisije likabaki kamusini pekee.