Bustani ya Watoto wa Kiyahudi: Mdogo Huuliza, Mkubwa Hujibu

Mji wa New York, ulioko pwani ya mashariki ya Marekani, una Wayahudi wengi kuliko mji mwingine wowote ulio nje ya nchi ya Israeli. Mgeni atembeaye upande wa magharibi wa kisiwa cha Manhattan, kati ya bustani kubwa ya Central Park na mto Hudson, ataziona baadhi ya shule zao zimejibana baina ya majumba ya ghorofa. Hazina viwanja vipana kama shule zetu. Huko si ajabu kuona watoto wakichezea juu ya paa. Katika shule za namna hiyo mtoto husoma dini na elimu ya kawaida mahali pamoja, na darasa la chini ni la watoto wa miaka mitano, ambalo sisi huliita chekechea au vidudu. Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji mambo wanayofundishwa watoto hao, kwa kuwa ndani yake limo jambo linalomhusu kila mzazi.

Kitu cha kwanza akionacho mgeni mlangoni ni mlinzi. Tarehe 27 Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliwaua waumini 11 ndani ya sinagogi katika mji wa Pittsburgh, na tangu siku hiyo ulinzi wa shule na nyumba za ibada za Wayahudi umezidishwa. Askari wetu hawahitaji kuelezwa uzito wa kazi ya kulinda lango ambalo nyuma yake wamo watoto. Wadogo hao humpungia mlinzi mkono kama wampungiavyo mwuza matunda wa mtaani, kisha huingia ndani. Hata hivyo, kama watoto wengine wa shule za Marekani, nao hufundishwa kujificha na kunyamaza kimya endapo hatari itatokea.

Kwenye mwimo wa mlango kimepigiliwa kijaluba chembamba kiitwacho mezuza, ambacho ndani yake mna karatasi ya ngozi iliyoandikwa maneno ya Taurati kwa mkono. Mtoto hukigusa apitapo. Ndani ya darasa watoto huketi juu ya zulia kwa duara, wakamzunguka mwalimu wao ambaye humwita Mora, yaani mwalimu wa kike kwa Kiebrania. Siku huanza kwa dua fupi ya kushukuru kwa kuamka salama. Baadaye huja kalenda, na kalenda zenyewe ni mbili: ile itumiwayo na dunia nzima, na ile ya Wayahudi ifuatayo mwandamo wa mwezi. Msomaji Mwislamu ataufahamu upesi mpango huo, ila kuna tofauti moja. Katika kila miaka 19, miaka saba huongezwa mwezi wa 13, ili sikukuu zisihame majira yake.

Kisha huja herufi. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22, nazo huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na irabu huonyeshwa kwa vitone na vistari. Mtu aliyesoma chuoni pwani yetu, akasikia watoto wakiimba «alef, bet», atakumbuka alifu na be yake. Wala undugu hauishii hapo. Hesabu zetu za sita, saba na tisa tulizipata kwa Waarabu, na lugha ya Kiarabu na ya Kiebrania ni ndugu. Ndiyo maana mtoto wa Kiyahudi husema shesh, sheva na tesha. Shalom yao ni jamaa ya salamu zetu.

Neno lililo karibu nasi zaidi ni tsedaka, nduguye sadaka. Darasani huwa na kikopo chenye tundu, na aghalabu siku ya Ijumaa kila mtoto hutia humo sarafu aliyopewa nyumbani. Fedha zikijaa, darasa zima hushauriana zipelekwe wapi: kwa wenye njaa, kwa wagonjwa, au kwa wanyama wasio na mwenyewe. Asili ya neno hilo katika Kiebrania ni haki. Kwa hiyo mtoto hujifunza mapema kwamba anayempa maskini anatimiza wajibu wake, wala hana sababu ya kujivuna.

Ijumaa ndiyo siku ipendwayo kuliko zote, kwa kuwa jua likitua Sabato huingia. Asubuhi hiyo watoto hukanda unga wa ngano kwa mayai, mafuta, sukari kidogo na hamira, wakauacha uumuke, kisha wakaukata vipande virefu na kuvisuka kama nywele. Mkate huo huitwa hala. Mama anayejua kusuka mkia wa mikeka hatashindwa kuufanya. Apake tu yai lililopigwa juu yake kabla ya kuutia katika joko, ili utoke na rangi ya dhahabu. Mtoto mmoja huchaguliwa kuwa mama wa Sabato na mwingine baba wa Sabato. Mishumaa huwekwa mezani, mkate hubarikiwa, na maji ya zabibu hunywewa katika vikombe vidogo.

Mwaka nao una mafunzo yake. Mwaka mpya wa Kiyahudi uingiapo, kati ya Septemba na Oktoba, watoto huchovya tofaa katika asali na kusikiliza baragumu la pembe ya kondoo. Siku chache baadaye hujengwa kibanda uani, kikaezekwa matawi kwa uhaba ili nyota zionekane kutoka ndani. Katika sikukuu ya Hanuka taa moja huongezwa kila usiku kwa siku nane, na vitafunwa hukaangwa kwa mafuta, vikiwemo vitumbua vya kwao vyenye jamu. Siku ya Purimu kila mtoto huvaa mavazi ya kuigiza, huyu mfalme, yule malkia.

Pamoja na hayo yote, watoto hujifunza kusoma Kiingereza, kuhesabu, kuchora, kujenga kwa vipande vya mbao na kungojea zamu. Hufundishwa pia kutomtahayarisha mwenzao mbele ya watu, na kumlisha mnyama wa nyumbani kabla ya wao wenyewe kula.

Hata hivyo, kilele cha mwaka ni Pasaka ya Wayahudi, ukumbusho wa kutoka utumwani Misri. Jamaa yote hukaa mezani usiku, na desturi ni kwamba mtoto mdogo kuliko wote ndiye aulizaye maswali manne: sababu ya kula mkate usio na chachu, ya kula mboga chungu, ya kuchovya mara mbili, na ya kuketi kwa kuegemea. Watoto wa chekechea huyafanyia mazoezi kwa majuma mengi. Mtoto akishauliza, wakubwa wanawajibika kumjibu kwa kumsimulia habari yote. Asipouliza mtu, simulizi haina pa kuanzia.

Shule hizi hazikosi gharama wala ubishi. Nchini Marekani shule za serikali ni za bure, lakini shule ya dini hutegemea zaidi karo ya wazazi, nayo ni kubwa. Wazazi wengi wa Kiyahudi huwapeleka watoto wao shule za serikali. Baadhi yao wanaona si vema mtoto kulelewa mbali na watoto wa jirani. Wengine hujibu kwamba pasipo shule, wajukuu hawatajua hata dua ya babu zao. Hofu hiyo ina msingi. Kwa karne nyingi Kiebrania kilibaki lugha ya ibada na vitabu tu, bila mtoto wa kukisema tangu unyonyoni. Shule ya kwanza ya chekechea iliyotumia lugha hiyo ilifunguliwa mwaka 1898 katika kijiji cha Rishon LeZion, ambacho leo ni mji wa Israeli. Iliitwa bustani ya watoto, jina lililobuniwa na Mjerumani Friedrich Fröbel mwaka 1840. Watoto wakarudi nyumbani na maneno ambayo wazazi wao hawakuyazoea, na lugha ikafufuka vinywani mwa wadogo.

Wala mambo haya hayako ng'ambo ya bahari tu. Nje kidogo ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, katika kilima cha Nabugoye, wanaishi Abayudaya, watu walioifuata dini hiyo tangu mwaka 1919 wakiongozwa na jemadari Semei Kakungulu. Serikali ya Idi Amin iliipiga marufuku dini yao, na waliobaki nayo wakawa wachache mno. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda, na jioni ya siku ile ile Pasaka ya Wayahudi ikaingia. Leo wana shule ya msingi iitwayo Hadassah, ambamo watoto wa Kiyahudi, Kiislamu na Kikristo husoma pamoja. Mtoto wa huko akiuliza habari za kutoka utumwani, mzee wake anaweza kumjibu kwa simulizi mbili.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na chekechea hizo zinautimiza usemi huo kwa mkate, wimbo na sarafu. Lakini zina jambo jingine ambalo katika nyumba nyingi za kwetu limesahauliwa: mtoto huandaliwa kuuliza mbele ya wakubwa, na mkubwa hujiandaa kumjibu. Mtoto wa askari anayeulizia medali iliyotundikwa ukutani naye ameufungua mlango huo huo. Akiambiwa anyamaze leo, kesho hatauliza tena, na habari ya medali ile itazikwa pamoja na mwenyewe.