Mahari ya Mke Wangu katika Vita vya Wakubwa



Ndugu msomaji, usiku mmoja baada ya sala ya Isha nilikuwa katika chumba kidogo cha ofisi ya msikiti wetu hapa Kagongwa, nikiandika orodha ya waliochangia mabati. Waliingia vijana wawili wakibishana kwa sauti ya chini, ile ya watu wanaokumbuka wako wapi. Mmoja ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ubishi wao ulihusu Intel na AMD, kampuni mbili za Marekani zinazotengeneza prosesa, yaani kile kipande kidogo ambacho ndicho akili ya kompyuta. Nilidhani wanabishania mashine ipi ina kasi, kama vijana wanavyobishania Simba na Yanga. Kumbe walikuwa wanazungumzia fedha. Mpwa wangu alitaka kununua hisa za AMD kwa njia ya programu ya simu.

Niliweka kalamu chini nikamsikiliza, maana alikuwa ameisoma kadhia hiyo barabara. Intel ilianzishwa mwaka 1968 na AMD mwaka 1969, na waasisi wa zote mbili walitoka katika kampuni moja iliyoitwa Fairchild. Kwa miaka mingi mdogo aliishi katika kivuli cha mkubwa. Mwaka 2015 hisa moja ya AMD iliuzwa chini ya dola 2, na wengi wakaihesabu kuwa maiti. Mwaka 2017 ikatoa prosesa za Ryzen, na Februari 2022 thamani yake sokoni ikaipita ya Intel kwa mara ya kwanza. “Mjomba, aliyenunua wakati ule leo yuko wapi?” akaniuliza. Mwenzake akamkatiza kwamba huo ni wali uliokwisha kuliwa. Sasa anunue Intel iliyoanguka, maana Agosti 2025 serikali ya Marekani yenyewe imetangaza kuchukua takriban asilimia 10 ya hisa zake.

Wote wawili walikuwa na tarakimu. Nikamwuliza mpwa wangu fedha anatoa wapi. Akasema mama yake alimkabidhi faida ya mchele ya msimu mzima amtunzie.

“Mama yako anajua habari ya AMD?”

Akanyamaza.

Sikumkemea. Katibu wa msikiti ana mdomo wa kukemea, lakini mimi katika jambo hili sina uso. Nikawaambia wakae niwasimulie ya mwaka 2017, jambo ambalo mpaka usiku ule tulilijua watu wawili tu, mimi na mke wangu.

Mwaka ule ndipo sisi watu wa kawaida tulipoalikwa kuwa na fungu katika kampuni za simu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2016 ilizitaka kampuni za mawasiliano ziuze kwa umma asilimia 25 ya hisa zake katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Vodacom Tanzania ndiyo iliyotangulia. Kuanzia tarehe 9 Machi 2017 iliuza hisa zaidi ya milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, ili kukusanya shilingi bilioni 476. Aliyetaka kuanza na kidogo aliruhusiwa kununua hisa 100. Awali lango lilikuwa la Watanzania peke yao. Fedha hazikutimia, muda ukaongezwa, kisha wageni nao wakaruhusiwa, na tarehe 15 Agosti hisa zikaanza kuuzwa sokoni.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha Kiislamu miaka michache nyuma, na nilianza na swali nililofundishwa kuanza nalo, uhalali. Hisa za benki za riba niliziacha bila mjadala. Kuhusu kampuni ambayo kazi yake ya asili ni halali lakini mikopo ya riba haikosekani katika vitabu vyake, wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana: wapo wanaozuia kabisa, na wapo wanaoruhusu kwa masharti, likiwemo la kuitakasa faida. Nikachukua kauli ya wanaoruhusu. Moyo ukatulia, nikajiona nimemaliza fiqhi yote ya jambo lile. Kumbe lilibaki swali moja ambalo hata mtoto wa madrasa angeliuliza, nalo ni fedha zile zilikuwa za nani.

Zilikuwa za mke wangu. Sehemu ilikuwa mahari yake, na sehemu ilikuwa faida aliyoipata kwa kununua mpunga wakati wa mavuno, kuukoboa katika mashine za hapa na kuwauzia mchele wenye malori, wengine wakitoka ng'ambo ya mpaka. Jumla shilingi 850,000. Surat An-Nisaa imeamrisha wazi wanawake wapewe mahari yao, na kwamba mume hana lake humo ila kile ambacho mke mwenyewe ameridhia kwa nafsi yake. Nilikuwa nikiwafundisha watu aya hiyo. Nyumbani nikamwekea mke wangu tarakimu mezani mpaka akachoka, akasema, “Ustadh, wewe ndiye uliyesoma.” Nikaihesabu kauli hiyo kuwa ridhaa. Leo nikiikumbuka nasikia uchovu ndani yake. Tukanunua hisa 1,000 kwa jina lake.

Hoja yangu kwake ilikuwa kama ya mpwa wangu: kampuni hii ndiyo yenye wateja wengi kuliko wenzake, ina M-Pesa tangu 2008, na mkubwa hapigwi. Sikutazama upande wa pili wa uwanja. Tigo na Airtel walikuwa wakipunguza bei kila kukicha. Halotel, ya Wavietnam, ilikuwa imeanza huduma Oktoba 2015 ikielekeza minara vijijini. Tena tarehe 1 Machi 2017, siku nane tu kabla ya uuzaji wa hisa kufunguliwa, nchi yetu ilianza utaratibu wa mteja kuhama mtandao bila kubadili namba yake. Yaani wiki ileile niliyokuwa nikimshawishi mke wangu awe mmiliki, kila mteja alipewa ufunguo wa kuondoka.

Na mteja wa kwanza kuutumia uhuru wa namna hiyo alikuwa nyumbani kwangu. Mke wangu alikuwa na laini tatu. Akienda kununua mpunga kwa wakulima, aliweka laini ya mtandao ulioshika vizuri huko mashambani. Akirudi sokoni, aliweka ile yenye kifurushi cha bei nafuu wiki hiyo. Laini ya kampuni yake mwenyewe aliitumia kupokelea fedha tu. Siku moja nikamwambia kwa utani kwamba anajihujumu. Akanijibu kwamba faida ya kifurushi anaiona leo, ya hisa ataiona Mungu akipenda.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoanza kuelewa vita vya wakubwa. Kampuni zinapogombana kwa bei, mnunuzi hucheka, na kile anachokicheka hutoka katika mfuko wa mwenye hisa. Zamani kupiga simu mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo mkubwa alinufaika na ukubwa wake: ndugu zako wote wako huko, nawe uende huko. Lakini ada ambayo mitandao hulipana kwa simu inayovuka kutoka mmoja kwenda mwingine ilishushwa na TCRA hatua kwa hatua, kutoka shilingi 26.96 kwa dakika mwaka 2017 hadi shilingi 2 mwaka 2022. Ukuta ukabomoka. Yakaja na mengine, usajili wa laini kwa alama za vidole na kufungwa kwa laini zisizosajiliwa, kisha tozo za miamala Julai 2021. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 kampuni ilitangaza hasara ya takriban shilingi bilioni 30, na bei ya hisa ikashuka ikakaa kwenye 770. Baadaye ilirudi katika faida, na sina ninalolilaumu kwake. Haikunidanganya. Mimi ndiye niliyenunua vita nikidhani nimenunua ushindi.

Shilingi 80 kwa hisa si kitu cha kumliza mtu. Kilichotuumiza kilikuja kwa njia nyingine. Msimu mmoja wa mavuno mpunga ulikuwa mwingi na bei chini, na kila mwenye mtaji Kagongwa alikuwa akijaza stoo. Mke wangu akaniomba tuuze hisa. Nikajaza fomu, nikasubiri. Katika soko letu la hisa kuuza kunahitaji mtu mwingine awe anataka kununua siku hiyo, na wanunuzi walikuwa wachache. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Jioni alikuwa akikaa kizingitini akitazama magunia ya jirani yakishushwa. Hakusema neno. Laiti angesema. Fedha zilipopatikana, za nusu ya hisa tu, bei ya mpunga ilikuwa imekwisha kupanda, na wale wa malori walikuwa wamekwisha kupata watu wengine wa kununua kwao. Ilimchukua misimu miwili kuwarudisha wateja wake.

Nilipofika hapo vijana walikuwa kimya. Mwenzake mpwa wangu akajaribu kusema kwamba Marekani soko ni kubwa, mtu huuza kwa dakika moja. Nikamkubalia, ni kweli. Lakini nikamwuliza, programu ile inapowapa nafasi ya kununua zaidi ya fedha mlizoweka, ile nyongeza inatoka wapi? Akasema ni mkopo, una asilimia zake. Hapo sikuhitaji kuendelea. Vijana hawa wamesoma madrasa yetu wenyewe.

Nikampa mpwa wangu sharti moja tu, amweleze mama yake yote, kwa lugha yake, na kama ataridhia bila kuchoshwa, mimi sina neno. (Hata dhahabu inayochimbwa ukanda wetu huu, Bulyanhulu na Geita, ni ya namna ile inayotumika ndani ya prosesa hizo, sisemi kwamba jambo hili ni la kigeni kwetu.)

Siku ya tatu dada yangu alikuja mwenyewe nyumbani, ungo mkononi, akaketi na mke wangu. Alikuwa amesikiliza habari zote za Intel na AMD, na alikuwa na swali.

“Katibu,” aliniambia, “hao wawili wakipatana, mimi mwenye hisa nitafurahi au nitalia?”

Nikamwambia huenda angefurahi, kwa kuwa bei zingepanda.

“Na mwanangu akitaka kununua kompyuta ya chuo?”

Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka katika mazungumzo yanayohusu hisa. Hisa zake 500 zilizobaki bado anazo, kwa uamuzi wake. Fedha za dada yangu ziko kwake mwenyewe, na mpwa wangu amepewa kazi ya kumwandikia hesabu za magunia.