Kiolezo Kilichobaki Kwenye Kompyuta Yangu

 

Neno letu ni 1 Mambo ya Nyakati 28:11-19. Tafadhali lisome kwanza, kisha urudi hapa. Leo sihubiri. Leo natoa ushuhuda ambao si wa kujisifu.

Wiki iliyopita dada yetu wa ofisini alinijia akiwa amechoka. Alikuwa anachapa stika za bahasha za sadaka, zile zenye jina la kila familia. "Pasta," akaniambia, "hizi stika zinakubali kwa kompyuta ya zamani peke yake. Hii mpya haizijui kabisa." Nilitaka kucheka, lakini moyo ukanichoma. Maneno hayo niliwahi kuyasikia.

Kabla sijaitwa katika huduma, nilikuwa karani kwenye kampuni moja ya kusafirisha mizigo kule Changamwe. Katoni zilikuwa zikiingia ghalani, zinapangwa, kisha zinapakiwa kwenye malori ya Kampala na Kigali. Kila katoni ilipaswa kuwa na stika: jina la mwenye mzigo, mji wa kushukia, na katoni ya ngapi kati ya ngapi. Karatasi za stika tulizonunua hazikuwa na namba ambayo Word inaitambua, kwa hivyo nilichukua rula nikapima mwenyewe. Upana wa stika, urefu wake, nafasi ya juu, nafasi ya pembeni, umbali kutoka stika moja hadi inayofuata. Stika 14 kwa kila A4, safu saba za mbili mbili. Nikavijaza vile vipimo, nikakipa kile kiolezo jina, na kikakaa sawasawa.

Sasa, ukitengeneza stika yako hivyo, lile jina huhifadhiwa ndani ya kompyuta hiyo tu. Mwenzako kwenye meza ya pili akifungua orodha yake, halioni. Mimi nililigundua hilo mapema. Tena niligundua dawa yake, maana ile karatasi yenyewe iliyopangwa tayari inaweza kuhifadhiwa kama kiolezo na kupelekwa popote. Lakini sikumwambia mtu. Kwa nini? Kwa sababu kila aliyetaka stika alilazimika kuja kwangu. Bosi alizoea kusema, "Bila huyu hatuendi." Wapendwa, nililipenda neno hilo kuliko mshahara. Na nilikuwa nimeokoka. Jumapili naimba kwaya, Jumatatu nafungia wenzangu vipimo vya karatasi.

Ijumaa moja mama yangu aliugua, nikaomba ruhusa. Nikiwa kwenye foleni ya feri, simu ikalia. Alikuwa kijana mmoja wa ofisini, mgeni kazini. "Kaka, ile stika haionekani kwa kompyuta yangu, na lori linaondoka jioni." Ningeweza kumwelekeza. Ningeweza hata kumpa neno la siri afungue kompyuta yangu. Nikamwambia, "Ngoja Jumatatu."

Lori halingoji Jumatatu. Kijana alikisia vipimo. Safu ya kwanza ilitoka vizuri, na hapo ndipo alipodanganyika. Ukikosea milimita mbili kati ya safu na safu, kosa haliishii kwenye mbili. Linajilimbikiza. Ukifika safu ya saba umepotoka milimita 12. Jina la mwenye mzigo likapanda likakaa kwenye stika ya juu yake. Stika moja ikabeba mji wa huyu na jina la yule. Usiku umeingia, watu wana haraka, wakabandika. Katoni za Kampala zikaenda Kigali.

Bosi aliuliza ni nani aliyechapa. Kijana akasema, "Ni mimi." Akafutwa kazi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni. Sikufungua mdomo.

Turudi kwa Daudi. Alitamani kumjengea Mungu nyumba kwa moyo wake wote, lakini Mungu akamkatalia kwa sababu alikuwa mtu wa vita. Sasa angalia alichofanya. Alimkabidhi Suleimani mfano wote wa hekalu: ukumbi, hazina, vyumba vya juu, zamu za makuhani, hata uzito wa dhahabu wa kila kinara na kila taa. Tena kwa maandishi! Daudi alijua hataiona nyumba ile ikisimama. Alijua watu wangeiita hekalu la Suleimani. Bado hakuficha hata kipimo kimoja. Angeficha uzito wa kinara kimoja tu, mwanawe angekisia, kama yule kijana.

Wiki iliyopita tulikaa na dada yetu. Kwenye kompyuta ya zamani tulifungua zile stika kama karatasi mpya, tukaihifadhi kama kiolezo kwenye folda ambayo kompyuta zote mbili zinaifikia. Kwenye ile mpya tukaelekeza Word itafute violezo katika folda hiyo. Tukahakikisha karatasi ni A4 na printa inachapa asilimia 100, isipunguze. Tukachapa kwanza kwenye karatasi tupu, tukaishikilia juu ya karatasi ya stika kwenye mwanga. Zikalingana. Dakika kumi tu. Ndizo dakika nilizomnyima kijana wa watu.

Jioni hiyo nilimtafuta kwa simu. Nilipomaliza kueleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Pasta, nilijua tangu siku ile. Nilikuwa nangoja uniambie." Nikamuuliza nifanye nini. Akajibu, "Mama yangu mpaka leo anaamini nilifutwa kwa uzembe. Njoo umwambie wewe."

Jumamosi nilienda Kisauni. Nikaketi mbele ya yule mama nikamweleza yote, bila kupunguza. Alisikiliza hadi mwisho. Akamtazama mwanawe muda mrefu, wala si mimi. Kisha akasema, "Basi nilikukosea, mwanangu." Hapo ndipo nililia.

Mpendwa, wewe umefungia nini? Simaanishi PIN yako ya M-Pesa, hiyo usimpe mtu! Namaanisha yule mweka hazina ambaye vitabu anavielewa peke yake. Mpiga kinanda asiyetaka kufundisha kijana. Mimi mchungaji ninayeogopa kumpa mwingine madhabahu. Ukiitwa leo, kazi ya Bwana itaendelea au watu watabaki wakikisia?

Leo, kabla jua halijazama, mfundishe mtu mmoja jambo moja unalolijua wewe tu. Na kama kuna aliyebeba lawama yako, mpigie simu.

Tuombe: Baba, katika jina la Yesu, nisamehe pale nilipopenda kuhitajika kuliko kupenda watu. Nipe moyo wa Daudi, nikabidhi kipimo chote, hata kama jina litakuwa la mwingine. Amina.

Tuonane ibadani Jumapili. Mungu awabariki.