Dawa Zangu Kwenye Kopo la Vitamini, na Staa Aliyeniambia "Nibebee"

Jina la staa sitalitaja, hata mkinibembeleza vipi. Ni mdada wa muziki, mnamjua, inatosha. Mimi nilikuwa mtu wake wa mekapu kwa karibu miaka miwili, na hii ni habari ya safari yetu ya Dubai, siku sita, shoo moja.

Kitu ambacho hakuna hata mmoja kwenye timu alikuwa anajua: nina kifafa. Tangu nikiwa na miaka 11. Kila usiku nakunywa fenobabitoni, dawa ya zamani, bei rahisi, na kwangu inafanya kazi. Mara ya mwisho kuanguka ni miaka minne iliyopita. Ila Bongo ukitamka neno kifafa, watu wanaanza kusogeza vikombe. Bado kuna watu wazima, wenye simu kali mkononi, wanaoamini ukimgusa mtu aliyeanguka unaambukizwa. Darasa la sita nilikaa dawati peke yangu muhula mzima kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo nilipoanza kazi nikajifunza ujanja. Vidonge nikitoka navyo hospitali nilikuwa navitoa kwenye kile kibahasha cha plastiki chenye "1x1 usiku" ya kalamu, naviweka kwenye kopo la vitamini C. Nani anamuuliza mtu habari za vitamini? Tumelala hoteli moja Mwanza, Dodoma, Arusha, nameza mbele yao, wananiambia, "We dada unajipenda."

Sasa kliniki ya mwezi ule nikamwambia dokta anipe dawa za kutosha, naenda Dubai. Akaweka kalamu chini.

"Kibali umeomba?"

"Viza ninayo, dokta."

"Sijasema viza."

Yaani ndiyo siku niliyojua kwamba kidonge ninachomeza kila siku kiko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa kimataifa, kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Hapa kwetu mimi nachukua dirishani kama Panadol. Falme za Kiarabu dawa za kundi hilo unaziombea ruhusa kabla hujasafiri, mtandaoni, kwa mamlaka zao. Unapandisha cheti cha dokta, ripoti ya ugonjwa, pasipoti, halafu unasubiri. Na kila nchi ina yake. Japani, kwa mfano, dawa zenye amfetamini ambazo Marekani watu wanaandikiwa na madaktari wao kila siku haziingii kabisa, hata uwe na cheti cha dhahabu.

Nikamwambia basi siku hizo sita nitaacha, nitarudi niendelee. Dokta wangu ni mtu mpole sana, lakini hapo alinikazia macho. Akasema fenobabitoni haiachwi ghafla. Ukiikata unaweza kuanguka mfululizo, la kwanza halijaisha la pili limeingia, na watu wanakufa hivyo. Nikawa mdogo. Nikatoa na lile kopo, nikamuonyesha. Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Afisa akifungua hili, akakuta ndani siyo kilichoandikwa nje, utaanzia wapi kujieleza?"

Usiku nikaingia mtandaoni kusoma, kosa kubwa. Nikakutana na habari ya dada mmoja wa Uingereza aliyekamatwa Misri mwaka 2017, uwanja wa ndege wa Hurghada, akiwa na vidonge 290 vya tramadoli. Alisema anampelekea mpenzi wake mwenye maumivu ya mgongo, na hakujua kama kule ni kosa. Alihukumiwa miaka 3. Alitoka Januari 2019. Mwaka mzima na ushee wa maisha yake. Sikulala, na mimi kukosa usingizi ndiyo njia ya mkato ya kuanguka, kwa hiyo ukaongezeka na uoga wa hilo.

Basi nikahangaika. Barua ya dokta ikaandikwa kwa Kiingereza: jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti, jina lenyewe la dawa na siyo la biashara, kipimo, idadi ya vidonge, ugonjwa, sahihi, muhuri. Kibali kilikuja zimebaki siku mbili. Nikaenda steshenari ya mtaani kuprinti, yule kijana akakisoma chote taratibu, akaniangalia, akasema, "Pole, sista." Shilingi mia tano kwa karatasi, na siri yangu ya miaka yote ikawa imetoka hapo hapo kwa mtu nisiyemjua. Ajabu ni kwamba haikuuma.

Siku ya safari, uwanja wa ndege, tuko nje bado hatujaingia kwenye ukaguzi. Staa ananivuta pembeni, ananipa kipochi cha kupakia mekapu. "Shosti, nibebee hii, langu limejaa." Kawaida yetu, mara ngapi nimebeba vitu vyake. Ila kichwa changu wiki ile kilikuwa kimeshaharibika. Nikafungua zipu.

Tramadoli. Siyo moja, siyo mbili. Karatasi za vidonge zimefungwa na mpira wa nywele, hakuna boksi, hakuna cheti, hakuna jina la mtu.

"Za mgongo hizo," akasema. Na kweli alikuwa na mgongo, nilimuona mwenyewe akishindwa kuvaa viatu baada ya shoo. Lakini nilikuwa nimeona pia mambo mengine miezi ile ambayo sitayaandika, na nadhani mnanielewa.

Nikamwambia dada, siwezi. Akasema mbona unaogopa, ni dawa tu, kwani wewe hunywi dawa? Hapo ndipo nikatoa bahasha yangu. Nikamuonyesha barua, kibali, na kile kibahasha cha hospitali chenye jina langu. Kopo la vitamini nilikuwa nimeliacha nyumbani. "Nakunywa. Nina kifafa. Ndiyo karatasi ninazotakiwa kuwa nazo. Zako ziko wapi?"

Alisoma lile neno, akaniangalia usoni, akarudi kulisoma. Nilisubiri anitukane. Hakunitukana. Alichukua kipochi chake, akaingia chooni, akakaa muda mrefu mpaka meneja akaanza kupiga kelele. Alipotoka kipochi kilikuwa chepesi. Hakunisemesha mpaka Dubai.

Na Dubai kwenyewe? Hakuna sinema. Nilimwendea afisa mwenyewe kabla hajaniita, nikamwambia nina dawa za kutangaza. Akasoma, akahesabu vidonge kwa ncha ya kalamu, akanirudishia. Kama dakika tano. Magoti yalikuwa yanagongana lakini. Saa ya kule imetutangulia saa moja tu, kwa hiyo hata muda wa kumeza haukunisumbua.

Staa ndiye aliyesumbuka. Siku ya pili alikuwa anatokwa jasho, anatetemeka, hali chakula, anagombana na kila mtu. Meneja alisema ni hali ya hewa. Mimi nilimpaka mekapu akiwa ameketi sakafuni kwa sababu kiti kilimuuma, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Shoo alipiga, na alipiga vizuri, video mliziona. Usiku ule nilikaa naye mpaka alfajiri, halafu nikashinda nimelala mchana kwa hofu ya kuanguka.

Tuliporudi hakunipigia tena. Nilisikia amepata mtu mwingine wa mekapu. Sijui kama ni kwa sababu ya kifafa changu au kwa sababu nilifungua ile zipu, na sikumuuliza. Ila miezi mitatu baadaye, saa nane usiku, akanitumia ujumbe mmoja bila hata salamu: "Yule dokta wako anaona na watu wa dawa za maumivu?"

Nikamtumia namba. Alama mbili zikawa bluu.