Teke la Bunduki

Mjomba wangu alinipelekea barua akitaka nimchagulie bunduki. Yeye ni mwenyeji wa Tanzania, nami nilizaliwa Kenya na ndiko nifanyako kazi ya ukarani, katika nchi ambayo uwindaji wa wanyama wa pori ulipigwa marufuku mwaka 1977, kabla mimi sijazaliwa. Sikuwa nimewinda hata digidigi. Walakini kwa jamaa zetu karani ni mtu ajuaye kila jambo lililoandikwa kwa Kiingereza, nami nikaona haya kumwambia kwamba sijui.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mjomba alikuwa na leseni, na bunduki ya .375 aliyorithi kwa babu. Mwaka ule alimpiga kongoni akamjeruhi tumboni. Alimfuata tangu asubuhi hata jua kuchwa asimpate, na kesho yake akakuta mabaki yaliyoachwa na fisi. Kwa mtu wa tabia yake hiyo ilikuwa aibu kubwa, maana alifundishwa kwamba mnyama uliyemtia jeraha ni deni. Sasa alidhani bunduki ya babu imechakaa, akataka nyingine yenye nguvu zaidi, .458, ili mnyama akiguswa popote aanguke.

Nami, kwa ujinga wangu, nilikubali. Nilitazama orodha za risasi, nikaona kwamba .458 hurusha risasi nzito kupita .375, nikamwandikia kwamba shauri lake ni jema. Nashukuru kwamba fedha zake hazikutosha kwa wakati ule.

Katika mji nifanyapo kazi nina jirani mmoja, mzee aliyekuwa askari, ambaye ana kibali cha silaha na huenda kupiga shabaha uwanjani. Nilipomweleza jambo hili alicheka, akaniuliza, “Bwana Karani, wewe umewahi kuipiga hiyo .375?” Nikasema la. Jumamosi iliyofuata akanichukua. Palikuwa na bunduki ya namna ile, yenye darubini juu yake, nikaelekezwa namna ya kuishika. Nilifyatua. Sikumbuki mlio, nakumbuka kwamba nilipigwa begani kama nimesukumwa na fahali, na ukingo wa darubini ukanipasua juu ya jicho. Jumatatu niliingia afisini na plasta usoni, na sikumweleza mtu sababu yake.

Lakini lililonifunza si jeraha hilo. Mzee alinipa bunduki nyingine ndogo, akawa ananitilia risasi yeye mwenyewe, moja moja, bila ya kuniacha nione. Nilipiga mara tatu vizuri kiasi. Mara ya nne nilivuta kifyatulio, ikasikika “ta!” tu, wala haikulia. Alikuwa ametia ganda tupu. Na hapo, mbele ya macho yangu mwenyewe, mdomo wa bunduki ulizama chini kiasi cha shibiri, macho yangu yalifumba, bega likanywea. Bunduki haikulia, nami nilikwisha kuikimbia! Mzee akasema, “Hivyo ndivyo ufanyavyo kila mara, ila mlio hukuficha.” Nadhani sijapata kuona haya kuliko siku ile, kwa sababu nilikuwa nimeapa kwamba siogopi.

Tangu hapo nilisoma kwa bidii, si habari za nguvu ya risasi kwa mnyama, bali habari za nguvu yake kwa mpigaji. Hesabu yake si ngumu. Risasi na moshi wa baruti vikienda mbele kwa kasi, bunduki nayo hurudi nyuma kwa kadiri ile ile, na uzito wake ndio unaopunguza kasi ya kurudi. Wazungu hulipima teke hili kwa futi-ratili, yaani kazi ya kuinua ratili moja kwa urefu wa futi moja. Bunduki ya .375 yenye uzito wa ratili 9, ikirusha risasi ya grени 300, hupiga teke la karibu futi-ratili 40. Ni kama debe la mahindi likiinuliwa futi moja, lakini kwa kufumba na kufumbua, na juu ya mfupa wa bega. Bunduki ya .30-06 ya ratili 8, kwa risasi ya greni 180, hupiga nusu ya hiyo, karibu 20. Ile ya milimita 7, ambayo Waingereza huiita .275, hupiga 12 hivi. Hiyo .458 niliyomsifia mjomba hupita 60. Watu wengi huanza kuharibu shabaha teke likipita 20, ijapokuwa wako wachache wavumilivu.

Na hiyo .275 si kitu cha kuchezea watoto. Ilitoka katika viwanda vya Mauser vya Ujerumani mwaka 1892, na Makaburu waliitumia katika vita vyao na Waingereza vya mwaka 1899 hata 1902. Mskoti mmoja, W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja katika Uganda na kwingineko, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi hii ndogo. Siri yake ilikuwa kwamba alipasua mafuvu ya ndovu akajua ubongo ulipo, na mkono wake haukutetemeka. Jim Corbett naye, yule aliyehamia Nyeri mwaka 1947 na kuzikwa huko mwaka 1955, alipewa bunduki ya namna hiyo kwa kumwua simba-marara mla watu wa Champawat, India, mwaka 1907. Simwambii mtu aende kwa ndovu na risasi ndogo. Nchi kadhaa za Afrika zimeweka.375 kuwa kipimo cha chini kwa ndovu na nyati, na ni sheria ya busara. Lakini mjomba hakuwinda nyati. Aliwinda kongoni na pongo, kwa ajili ya kitoweo.

Nilipopata likizo nilivuka mpaka. Ilikuwa taabu kumwambia mtu wa makamo yake kwamba anaogopa bunduki ya baba yake. Usiku ule sikuthubutu. Mkaza mjomba ndiye aliyenifungulia njia bila kujua, aliposema jikoni kwamba mumewe akitoka kuwinda humwomba maji ya moto ya kukanda bega, na hulala ubavu mmoja juma zima. Mjomba hakupata kunitajia habari hizo katika barua zake zote.

Asubuhi nikamwomba tupige shabaha kwenye kichuguu, mwanawe mkubwa akitia risasi. Ya kwanza ilikuwa nzima. Ya pili ilikuwa ganda tupu. Mdomo wa bunduki ulizama, kama wangu ulivyozama. Mjomba alinyamaza kitambo, kisha akaiweka bunduki magotini akasema, “Mpwa wangu, basi yule kongoni sikumkosa kwa macho.” Nikamwonyesha kovu langu juu ya jicho, akacheka kidogo.

Katika kuchagua tulibishana. Mimi nilipenda .275, lakini risasi zake zilikuwa adimu kwa muuza silaha wake, na bunduki isiyo na risasi ni mwiko wa ugali tu. Tukaafikiana juu ya .30-06. Hapo tena alitaka iliyo nyepesi, apate kuibeba bila kuchoka. Nikamkataza: uzito huo unaokuudhi njiani ndio unaokutetea unapofyatua. Akachukua ya ratili 8 na nusu, yenye mpira kwenye kitako, na risasi za greni 150 badala ya 180. Nikamwongezea vizibo vya masikio vya kutumia kwenye kichuguu, maana mlio humshtua mtu sawasawa na teke, ila watu hawaudhanii.

Alipiga kichuguu kile miezi miwili kabla ya kuingia porini. Siku ya kwanza alirudi mikono mitupu. Alimwona kongoni lakini akasema alikuwa mbali mno. Mara ya pili alileta pongo, tundu moja nyuma ya bega. Mkaza mjomba aliniletea salamu pamoja na paja lililokaushwa, na neno kwamba usiku ule hakuombwa maji ya moto. Bunduki ya babu imo kabatini, imepakwa mafuta. Mjomba huitoa mara kwa mara akaifuta, kisha akairudisha.